Mashine Ikikutaja Jina, Nani Ameipima?



Desemba 2019 nilikuwa likizo nyumbani, wilayani Muheza, nikapewa kazi ya kumsindikiza bibi kusajili laini yake ya simu kwa alama za vidole. Mtakumbuka msimu ule. Usajili ulianza Mei, mwisho ukawa umepangwa tarehe 31 Desemba, baadaye ukasogezwa hadi 20 Januari 2020, na kila penye mwavuli wa wakala palikuwa na foleni ya kufika barabarani. Bibi alifanya kazi ya mkonge zaidi ya miaka ishirini, sehemu kubwa kwenye korona, na aliyekaa korona anajua maji ya mkonge yanavyokula ngozi. Akaweka kidole gumba, mashine ikakataa. Akaweka cha pili. Kijana wa wakala akampangusa vidole kwa kitambaa, akampaka mafuta kidogo, akarudia vyote kumi. Mwisho akamwambia kwa adabu kabisa, "Bibi, mashine inasema haupo." Bibi akamjibu, "Mjukuu wangu, mimi nipo tangu hiyo mashine haijazaliwa."

Foleni nzima ilicheka. Lakini laini ilikuwa lazima isajiliwe, kwa hiyo ikasajiliwa kwa vidole vyangu. Mpaka leo, kwenye kumbukumbu za kampuni ile, bibi yangu ni frateri.

Nimelikumbuka tukio hili kwa sababu ya swali lililoulizwa hapa seminarini katika kipindi cha maadili: je, Mkristo aipokeeje teknolojia ya utambuzi wa sura inayotumiwa na polisi? Wengi wetu tulijibu haraka. Wengine walisema ni jicho la Shetani, wengine wakasema asiye na kosa hana cha kuogopa. Mimi sikubaliani na upande wowote. Nadhani swali la kwanza halihusu kuipenda au kuichukia mashine. Ni swali la fundi mzani sokoni: imepimwa? Imepimwa na nani? Imepimwa kwa nyuso za akina nani?

Mashine ya vidole ilishindwa kumtambua bibi, na hasara yake ilikuwa usumbufu wa asubuhi moja. Kuna kosa la aina nyingine, ambalo ni mashine kumtambua mtu asiye yeye. Kamera inakupiga picha unaposhuka basi, programu inageuza uso wako kuwa mlolongo wa namba, inazilinganisha namba hizo na za picha zilizo kwenye orodha ya wanaosakwa, halafu inatoa alama ya mfanano. Alama ikivuka kizingiti kilichowekwa, simu ya askari inalia. Programu yenyewe haisemi "ndiye". Inachosema ni kwamba wawili hawa wanafanana kwa kiasi fulani. Neno "ndiye" linaongezwa na binadamu, na hapo ndipo hatari inapoanzia.

Mambo haya hayako mbali nasi. Kenya ilianza mwaka 2014 mradi wa kamera za usalama kupitia Safaricom na vifaa vya Huawei, kamera zipatazo 1,800 za Nairobi na Mombasa. Uganda, baada ya kuuawa kwa Andrew Felix Kaweesi, msemaji wa polisi, Machi 2017, iliingia mkataba wa dola milioni 126 na Huawei kwa mfumo wa kamera wenye uwezo wa kutambua sura. Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zinaandaa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika, na historia inaonyesha kwamba michezo mikubwa ndiyo mlango ambao mashine hizi hupitia. Hapa kwetu Tanga tuna bandari iliyopanuliwa, mpaka wa Horohoro, na Chongoleani ambako linaishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima. Mahali kama hapa hapakosi kamera. Na picha za nyuso zetu zimekwisha kukusanywa: ziko kwenye vitambulisho vya NIDA, ziko kwenye pasipoti za kielektroniki zilizoanza kutolewa mwaka 2018.

Nianze na mtu mmoja, kwa sababu takwimu bila mtu hupita masikioni tu.

Januari 2020, karibu na jiji la Detroit nchini Marekani, Robert Williams, Mmarekani mweusi, alikamatwa na polisi mbele ya nyumba yake, mke na mabinti zake wadogo wakiangalia. Alilala rumande, jumla akashikiliwa takribani saa thelathini. Kosa lilikuwa wizi wa saa katika duka moja mwaka 2018. Polisi walikuwa wamechukua picha hafifu ya kamera ya duka wakaiingiza kwenye programu, ikawatolea picha ya zamani ya leseni yake ya udereva. Katika mahojiano aliishika ile picha ya mwizi akaiweka kando ya uso wake ili waone wenyewe. Hawakuwa wanafanana.

Sasa angalieni jambo ambalo wengi hulisahau katika kisa hiki. Polisi hawakwenda moja kwa moja kutoka mashine hadi pingu. Walitafuta "shahidi". Walipanga picha sita, ya Williams ikiwa mojawapo, wakampelekea mfanyakazi wa ulinzi ambaye hata hakuwepo siku ya wizi; alichokuwa ameona ni ile ile video. Akamchagua Williams. Kwenye jalada ikaonekana kwamba kuna ushahidi wa aina mbili, wa mashine na wa binadamu. Ukweli ni kwamba ulikuwa mmoja, umevaa nguo mbili. Programu ilikuwa imetafuta katika mamilioni ya picha mtu anayefanana na ile ya video. Binadamu akaulizwa nani kati ya hawa anafanana na ile ya video. Angejibu nini kingine?

Tunaosoma kitabu cha Danieli katika Biblia yetu, tukiwa na sura ya 13, tunakijua kisa cha Susana. Wazee wawili walitoa ushahidi mmoja, na kusanyiko likaridhika kwa sababu walikuwa wawili. Danieli alifanya jambo moja jepesi: aliwatenganisha. Akamwuliza kila mmoja peke yake ni chini ya mti gani, na kila mmoja akataja mti wake. Polisi wa Detroit hawakuwatenganisha wazee wao. Juni 2024 jiji lile lilifikia makubaliano na Bwana Williams, likamlipa dola 300,000 na, lililo kubwa zaidi, likakubali kanuni kwamba mtu hatakamatwa kwa matokeo ya utambuzi wa sura peke yake, wala kwa gwaride la picha lililotokana moja kwa moja na matokeo hayo. Kabla ya makubaliano hayo, Februari 2023, Porcha Woodruff, mama mwenye mimba ya miezi minane, alikuwa amekamatwa katika jiji hilo hilo kwa unyang'anyi wa gari baada ya programu kutoa picha yake. Mwanamke aliyeonekana kwenye video hakuwa na dalili ya ujauzito.

Wote hawa ni watu weusi. Je, ni bahati mbaya? Hapa ndipo vipimo vinapotusaidia, maana bila kipimo tungebaki na hisia.

Mwaka 2018 Joy Buolamwini, mtafiti mwenye asili ya Ghana aliyekuwa Chuo cha MIT, pamoja na Timnit Gebru, mzaliwa wa Ethiopia, walichapisha jaribio lao. Walikusanya picha 1,270 za wabunge wa Rwanda, Senegali, Afrika Kusini, Finlandi, Aislandi na Uswidi, wakazipitisha kwenye programu za makampuni matatu makubwa. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuliko kumtambua mtu: programu iseme tu kama ni mwanamume au mwanamke. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi lilifika asilimia 34.7. Sijui kama wabunge wa Kigali walipata kuambiwa kwamba nyuso zao zilisaidia kuamsha dunia.

Desemba 2019 Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani ilifanya kipimo kikubwa zaidi: programu 189 kutoka kwa watengenezaji 99, picha zaidi ya milioni 18 za watu milioni 8.49. Safari hii kilichopimwa kilikuwa utambuzi hasa. Ilionekana kwamba kosa la kumfananisha mtu na asiye yeye lilikuwa juu zaidi kwa watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki, na chini zaidi kwa watu wa Ulaya Mashariki. Katika programu nyingi tofauti ilikuwa kati ya mara kumi na mara mia. Afrika Mashariki katika kipimo kile iliwakilishwa na Kenya, Ethiopia na Somalia. Mdigo wa Lunga Lunga na Mdigo wa Horohoro ni ndugu wa damu, kwa hiyo tusijidanganye kwamba mambo haya yanahusu majirani tu.

Kipimo hicho kilisema pia mambo mawili ambayo wapinzani wa teknolojia hii hawapendi kuyataja, nami nayataja kwa haki. Programu zilizokuwa sahihi kuliko zote zilionyesha tofauti ndogo sana kati ya makundi ya watu. Na baadhi ya programu zilizotengenezwa China hazikuwa na tatizo lile kwa nyuso za Asia Mashariki. Maana yake upendeleo huu hauko kwenye asili ya mashine. Mashine hujifunza kutokana na nyuso inazolishwa. Ikilishwa za kwao, itawatofautisha wa kwao. Sisi itatuona kama mgeni anavyotuona, kwamba sote tunafanana. Ongeza hapo kamera iliyorekebishwa kwa mwanga wa ngozi nyeupe, jua la saa saba mchana la Tanga, au taa moja ya stendi usiku, na uso mweusi unabaki kivuli tu.

Kwa hiyo kupima kunawezekana, na kunazaa matunda. Uingereza ni mfano mzuri kwa uzuri na kwa ubaya. Juni 2017, fainali ya Ligi ya Mabingwa ilipochezwa Cardiff, polisi wa Wales Kusini walizielekeza kamera kwa mashabiki. Mashine ikatoa tahadhari 2,470, na kati ya hizo 2,297 zilikuwa za uongo. Mkazi mmoja wa Cardiff, Ed Bridges, aliwashtaki polisi hao kwa kupigwa picha bila sababu, na tarehe 11 Agosti 2020 Mahakama ya Rufani ikampa ushindi. Sababu mojawapo inatuhusu moja kwa moja: polisi hawakuwa wamejiridhisha kwamba programu yao haina upendeleo wa rangi au jinsia. Kampuni iliyoiuza ilificha, kwa sababu za kibiashara, nyuso ilizoifundishia. Mahakama haikusema imethibitika kwamba mashine inapendelea. Ilisema ni wajibu wa mwenye kuitumia kujua, na siri za muuzaji hazimwondolei wajibu huo. Tungekuwa na majaji wa kunukuu hukumu hiyo mahali popote polisi wanaponunua mashine kutoka nje, nchi maskini zingeepuka mengi.

Baada ya hukumu, maabara ya taifa ya vipimo ya Uingereza iliipima programu ya kamera za moja kwa moja, na mwaka 2023 ikatoa taarifa. Kizingiti kikiwekwa juu ya kutosha, hapakuonekana tofauti ya maana kati ya weusi na weupe, na kwa orodha ya watu 10,000 kosa lilikuwa takribani mtu mmoja katika kila wapita njia 6,000. Kizingiti kikishushwa, makosa yanaongezeka, na yanawaangukia weusi zaidi. Programu ni ile ile, kamera ni zile zile. Kilichobadilika ni namba moja iliyochaguliwa na mtu ofisini.

Mwezi Desemba 2025 yakatoka matokeo ya maabara hiyo hiyo kuhusu programu nyingine, ile inayotumika kutafuta picha katika kanzidata ya polisi ya nchi nzima. Kwa kiwango fulani cha mpangilio, majina ya uongo yalitolewa katika asilimia 0.04 ya utafutaji kwa watu weupe, asilimia 4 kwa Waasia, asilimia 5.5 kwa weusi, na kwa wanawake weusi asilimia 9.9. Ikajulikana pia kwamba wakuu wa polisi waliwahi kuamuru kizingiti kipandishwe ili kupunguza upendeleo, kisha wakakirudisha, kwa sababu utafutaji unaoleta majina ya kufuatilia ulikuwa umeshuka kutoka asilimia 56 hadi 14. Askari walilalamika kwamba mashine imekuwa bubu.

Hapo, ndugu zangu mafrateri, somo la fundi limegeuka kuwa somo la maadili, na kwa kweli ni somo ambalo tumekwisha kulisoma. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika sehemu ya pili ya pili ya Summa, swali la 60, anajiuliza kama mambo yenye shaka yatafsiriwe kwa upande wa wema. Mpinzani anamwambia: lakini watu wengi ni waovu, kwa hiyo ukiwadhania mema utakosea mara nyingi. Thoma anajibu kwamba ni afadhali kukosea mara nyingi kwa kumdhania mema mtu mbaya, kuliko kukosea mara chache kwa kumdhania mabaya mtu mwema, maana katika kosa hili la pili kuna mtu anayedhulumiwa, na katika lile la kwanza hayupo. Sijapata kuona mahali popote suala la kizingiti likielezwa kwa usahihi zaidi. Thoma anasema kipandishwe, hata kama mashine itakuwa bubu.

Mtu atanijibu kwamba Thoma hakuishi Tanga mwaka 2016. Ni kweli, na jibu hilo nalipa uzito wake. Usiku wa kuamkia 31 Mei mwaka ule watu wanane walichinjwa Kibatini, si mbali na mapango ya Amboni. Mwaka mmoja kabla, Februari 2015, polisi na wanajeshi walipambana na watu wenye silaha huko huko Amboni. Waliozika hawahitaji mhadhara wa kizingiti. Wanataka waliofanya wakamatwe, na polisi wapewe kila chombo. Nami nataka hivyo. Lakini fikirini: kumkamata mtu asiyehusika hakumkaribishi mhusika pingu; kunampa muda wa kuvuka mpaka au kuingia ngalawa. Mashine isiyopimwa inawadhulumu waliozika pia.

Hebu tufanye hesabu ya stendi ya Kange. Tuseme watu 12,000 wanapita mbele ya kamera kwa siku, na tuseme programu ni nzuri kama ile ya Uingereza katika hali yake bora, kosa moja kwa kila 6,000. Hiyo ni sawa na kusema inapatia kwa asilimia 99.98, na muuzaji ataiandika namba hiyo kwa wino mwekundu. Kila siku wasafiri wawili wasio na hatia wataitwa pembeni. Kwa wiki ni kumi na wanne. Tuseme kwa wiki anapita mhalifu mmoja wa kweli aliye kwenye orodha, na mashine inampata. Basi katika kila watu kumi na watano walioshikwa mkono, kumi na wanne siyo. Askari aliyeambiwa kwamba mashine haikosei atawatazamaje hao kumi na wanne wakijitetea? Na hapo tumekopa namba za Uingereza. Kwa nyuso zetu, na kwa kamera yenye vumbi la Kange, kosa linaweza kuwa mara kumi ya hapo, na hesabu yake mnaweza kuimalizia wenyewe.

Ajabu ni kwamba sheria yetu imelijua tatizo hili tangu zamani, ila kwa macho ya binadamu. Katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri la mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, na mahakama isiutegemee mpaka iwe imeondoa kila uwezekano wa kufananisha kimakosa. Shahidi aulizwe: ulimwona kwa muda gani? Kwa umbali gani? Mwanga ulikuwaje, mchana au usiku? Ulikuwa unamfahamu kabla? Hakimu yeyote, kuanzia Lushoto hadi Pangani, anayajua maswali hayo, na hukumu nyingi za unyang'anyi zimetenguliwa kwa sababu hayakujibiwa. Gwaride la utambulisho nalo lina kanuni zake: mtuhumiwa asimame kati ya watu wasiopungua wanane wanaolingana naye kwa umri, kimo na mwonekano, na shahidi asiwe ameonyeshwa kabla.

Sasa mwite shahidi kamera kizimbani. Ulimwona muda gani? Sekunde moja. Umbali gani? Mita ishirini, kutoka juu ya nguzo. Mwanga? Taa ya dukani. Unamfahamu? Kwa picha ya kitambulisho ya miaka tisa iliyopita. Na hao ulioambiwa uchague kati yao walikuwa wangapi, na je, walilingana? Walikuwa mamilioni, nikachagua aliyefanana zaidi, hata kama mhalifu mwenyewe hakuwemo kabisa. Shahidi wa nyama na damu akijibu hivyo, hakimu anamshukuru na kumruhusu aende zake. Sioni kwa nini shahidi wa chuma apewe heshima ambayo mama muuza samaki wa Deep Sea hapewi. Taarifa yake ichukuliwe kama ya msamaria asiyetaja jina: inampa mpelelezi mahali pa kuanzia. Haimpi pingu.

Usahihi, hata hivyo, haumalizi suala la haki. Novemba 2020, baada ya maandamano yaliyofuata kukamatwa kwa Bobi Wine, polisi wa Uganda walikiri kutumia kamera zao kuwasaka walioshiriki. Hapo huwezi kulalamika kwamba mashine ilikosea. Pengine ilipatia sana, na ndiyo shida. Maabara inaweza kutuambia mashine inakosea kiasi gani. Haiwezi kutuambia nani ameandikwa kwenye orodha, kwa amri ya nani, na anafutwa lini. Hapa pwani tunaishi Wakristo na Waislamu nyumba kwa nyumba, na baada ya Amboni kulikuwa na kipindi ambapo kijana mwenye ndevu na kanzu alitazamwa mara mbili kwenye basi. Tumewasikia hata waamini wetu wakinong'ona baada ya Misa. Macho hayo hayo ndiyo yatakayoandika orodha. Na wanawake wenye ushungi na buibui, ambao uso wao kamera inauona kidogo tu, wakiwemo mama zetu Wakatoliki wanaojitanda kanga kwenda sokoni, wapimwe kama kundi lao, wasifichwe ndani ya wastani wa watu wote. Haki ya jirani yangu Mwislamu mbele ya mashine ni kazi ya parokia yangu.

Kuhusu sheria nitasema kidogo. Katiba yetu inalinda faragha katika ibara ya 16, na katika ibara ya 13 inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mkosaji kabla ya kuthibitika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za kibaiometriki katika kundi la taarifa nyeti, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Lakini sheria hiyo hiyo inatoa misamaha kwa usalama wa taifa na kuzuia uhalifu, na utambuzi wa sura unaishi ndani ya misamaha hiyo hiyo. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kutuliza kwa kusema tu kwamba sheria ipo.

Kanisa nalo limesema. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika ujumbe wake wa Siku ya Amani ya 1 Januari 2024, alionya kwamba upekee wa mtu usigeuzwe kuwa rundo la data. Hati ya Antiqua et Nova ya Januari 2025 imeendeleza mafundisho hayo, na Papa Leo XIV ameichagulia Siku ya Mawasiliano ya Ulimwengu ya mwaka 2026 kaulimbiu ya kulinda sauti na nyuso za binadamu. Nyaraka hizo ni nzuri. Ninachoogopa ni kwamba tutazisoma katika semina, tutazipigia makofi, halafu hakuna atakayeuliza kamera ya stendi imepimwa na nani.

Kila jimbo lina tume ya Haki na Amani, na parokia nyingi zina kamati yake. Kamati hiyo inaweza kuandika barua ya ukurasa mmoja kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa Kiswahili hiki hiki, na kuuliza kabla ya mashindano ya 2027. Kama kuna programu ya utambuzi wa sura inayonunuliwa, je, itapimwa na chombo kisicho cha muuzaji, kwa nyuso za Watanzania, wanaume na wanawake, wazee na vijana, kwenye mwanga wa hapa? Matokeo yatachapishwa kwa kila kundi? Kizingiti kitawekwa na nani, na akitaka kukishusha ataomba ruhusa kwa nani? Picha za wapita njia zisizofanana na mtu yeyote zitafutwa baada ya muda gani? Na mtu aliyeshikwa kimakosa atakwenda mlango upi kulalamika, akiwa hana wakili wala nauli ya Dar es Salaam?

Nimeandika rasimu ya barua hiyo. Paroko wangu ameisoma, akanirudishia ikiwa na masahihisho mawili ya sarufi na swali moja la nyongeza, ambalo naona ni bora kuliko yangu yote: huyo askari atakayeshika simu inayolia, amefundishwa kwamba inaweza kudanganya?